Mwendo wa Pole wa David Bowie

Tarehe 8 Januari 2013, siku mwanamuziki David Bowie alipotimiza miaka 66, wimbo wake mpya ulizuka kwenye intaneti pasipo hata fununu. Albamu yake ya mwisho kabla ya hapo, Reality, ilikuwa ya mwaka 2003. Mwaka uliofuata aliugua moyo akiwa ziarani Ujerumani, akapasuliwa, na tangu hapo wengi walimhesabu kuwa mstaafu.

Kumbe alikuwa kazini. Kuanzia Mei 2011 alirekodi katika studio ya The Magic Shop, New York, na walioshiriki walitia saini hati ya kutunza siri. Prodyuza wake, Tony Visconti, aliyeanza kufanya naye kazi miaka ya 1960, alitembea mitaani akizisikiliza nyimbo hizo masikioni, akipishana na watu waliovaa fulana za Bowie, naye hana wa kumwambia.

Usiri huo umesimuliwa sana. Linalonivutia zaidi ni mwendo wa kazi. Ala zilitangulia: Zachary Alford kwenye drams, Gail Ann Dorsey au Tony Levin kwenye besi, Gerry Leonard kwenye gitaa. Maneno mara nyingi yalikuwa bado. Wakisharekodi wiki chache, Bowie alikwenda zake kwa miezi, akizisikiliza rekodi hizo na kuziandikia maneno, ndipo arudi kuimba. Ni kama seremala aachaye mbao zikauke kabla ya kuunga mlango.

Wimbo ule wa kwanza, “Where Are We Now?”, ni wa taratibu, unaikumbuka Berlin alikoishi miaka ya 1970. Waliousikia walitarajia albamu ya mzee anayeaga. Machi ilipotoka The Next Day, walikutana na magitaa yanayounguruma tangu wimbo unaoifungua. Hata jalada liligoma kubembeleza kumbukumbu: msanifu Jonathan Barnbrook alichukua picha ya jalada la albamu “Heroes” ya 1977, akauziba uso wa Bowie kijana kwa mraba mweupe.

Bowie hakufanya ziara wala mahojiano kuinadi albamu hiyo. Hata hivyo ilishika namba moja Uingereza, mara yake ya kwanza tangu 1993, na namba 2 Marekani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo huu haukutokana na kimya peke yake. Ulitokana na nyimbo zilizopewa muda wa kuiva, na mkongwe yeyote anayetaka kurudi aanzie hapo.