Kipupwe cha Nchelenge: siku ya mwanafunzi kati ya jua na upepo

Mwanafunzi anayeshuka Nchelenge, mji wa ufuo wa Ziwa Mweru mkoani Luapula, Zambia, kutoka Kawambwa huambiwa na wenzake aache blanketi la pili nyumbani. Kawambwa iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, nchi ya mashamba ya chai. Ziwa Mweru liko mita 917 tu, na bonde lake lina joto karibu mwaka mzima. Ushauri huo unafaa Oktoba. Ukifika Juni, aliyeufuata hulala amejikunja ndani ya soksi na koti, na asubuhi anaingia darasani macho mekundu.

Ukisoma kipimajoto peke yake hutaelewa kwa nini. Usiku wa kipupwe hapa hushuka hadi nyuzi kumi na kitu, na mchana huvuka 25. Kwa mtu wa Makete au Limuru hiyo ni hali ya kupumzikia. Lakini mwili hupoteza joto kwa njia ambazo kipimajoto cha ukutani hakizioni: upepo unaoufagia, maji yanayokauka juu ya ngozi, na bati linalotazama anga tupu usiku kucha. Tena Makete na Limuru watu wamejenga wakiijua baridi. Nyumba nyingi za bonde la Luapula zimejengwa kukimbia joto, kwa madirisha mapana, matundu ya hewa juu ya ukuta, na mabati yasiyo na dari. Kwa sehemu kubwa ya mwaka huo ni ujenzi wa busara. Kipupwe kikiingia, mwanafunzi aliyepanga chumba cha namna hiyo inabidi aipange siku yake kwa kufuata jua na upepo, na kuna namna ya kuifanya kazi hiyo vizuri.

Anza na jua. Nchelenge iko nyuzi 9 na kitu kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni jua linapita kaskazini. Hata saa 6 mchana linasimama kama nyuzi 57 kutoka upeo wa macho. Maana yake ukuta wa kusini haupati mwali hata mmoja siku nzima, na ule wa kaskazini unaota jua tangu asubuhi hadi jioni. Vyumba viwili vinavyopakana mgongo kwa mgongo, kodi ile ile, vinaweza kuwa katika misimu miwili tofauti.

Kisha upepo. Miezi hii unavuma kutoka kusini-mashariki, ule ule unaoleta kusi pwani ya Tanzania na Kenya. Nchelenge iko kwenye ufuo wa mashariki wa ziwa, kwa hiyo unaifikia ukitokea nchi kavu. Usiku ardhi inapoa haraka kuliko maji, na hewa nzito ya nchi kavu inateremkia ziwani. Alfajiri pepo hizo mbili zinaelekea upande mmoja, na hapo ndipo baridi inapouma. Jua likishapanda, hewa tulivu iliyolala juu ya ardhi inavurugika na upepo wa juu unashuka. Mara nyingi saa 3 hadi saa 5 asubuhi ndipo vumbi la barabarani linapoinuka. Mchana mambo yanageuka. Ardhi imepata moto kuliko ziwa, hewa inataka kuingia kutoka magharibi, inakutana na ile ya kusini-mashariki, na ufuoni kunatulia.

Ukiunganisha hayo mawili, unapata sehemu moja ya jengo lolote yenye jua la mchana na isiyofikiwa na upepo: pembe ya kaskazini-magharibi. Kila anayejua kusoma kipupwe cha hapa anaishia kwenye pembe hiyo na kitabu chake, na nadhani chuo chochote cha ukanda huu kingefaidika zaidi na mabenchi manne yaliyowekwa hapo kuliko chumba kipya cha kusomea upande wa kusini.

Chukua siku ya mwanafunzi wa uuguzi. Kashikishi, mji wa wavuvi unaoungana na Nchelenge, una Hospitali ya Misheni ya St Paul's na chuo cha uuguzi na ukunga chenye jina hilo hilo, na wauguzi hawana hiari ya kuchelewa. Zamu ya asubuhi inamtaka awe wodini mapema, na jua mwezi Juni linachomoza kama saa 12 na robo. Akiamka saa 11, anaweza kukuta mto una matone ya maji, na mvua haijanyesha tangu Aprili. Ni pumzi yake mwenyewe. Bati chini ya anga isiyo na wingu hupoa kuliko hewa iliyolizunguka. Mvuke wa watu wanne waliolala chumba kimoja unagota juu, unakuwa maji na kudondoka. Dari inapunguza sana tatizo hili, hata ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja na kuvutwa kwa waya, kwa sababu inapunguza mvuke unaofika kwenye bati na inaweka hewa iliyotulia kati ya bati na kitanda. Kufunga kila tundu hakusaidii; mvuke unabaki ndani na matone yanazidi. Lililo sahihi ni kuziba madirisha ya upande wa upepo, kwa boksi ikiwa vioo vimevunjika, na kuacha tundu dogo upande wa pili.

Kuoga alfajiri ndiko kunakowaangusha wengi. Gramu 100 za maji zikikauka mwilini huchukua takriban kilojuli 240, nishati inayotosha kuipandisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi zaidi ya 75. Sehemu kubwa ya nishati hiyo inatoka kwenye ngozi. Anayetoka kwenye bafu la nje nywele zikichuruzika, akakatiza uwanja upepo ukivuma, amelipa gharama kubwa kabla ya kunywa chai. Kwa hiyo wenye uzoefu huoga saa 9 au 10 alasiri, hewa ikiwa imetulia, na alfajiri wananawa uso na kujikanda kwa kitambaa cha maji ya moto.

Mwaka 2024 maji hayo ya moto yalikuwa kazi nzito kuliko kawaida. Ukame ulipiga zaidi kusini na katikati ya Zambia, maji ya Bwawa la Kariba, linaloendesha mitambo ya umeme, yakapungua kiasi cha kutisha, na Rais Hakainde Hichilema akatangaza janga la taifa tarehe 29 Februari. Machi mgao wa umeme ukaanza kwa saa 8 kwa siku, na baadaye ukavuka 12. Luapula ni mkoa wa mvua nyingi, lakini gridi ni moja, na giza likaja hadi ufuo wa Mweru wakati kipupwe nacho kinaingia.

Mkaa ndio ulioshika nafasi ya umeme. Kupasha ndoo ya lita 10 kutoka nyuzi 20 hadi 40, kwa jiko la kawaida linalopoteza sehemu nne kati ya tano za moto wake, kunakula kama gramu 140 za mkaa. Kwa mtu mmoja ni kidogo. Kwa bweni zima, kila siku, ni gunia linaloyeyuka. Jua linafanya kazi ile ile bure, ilimradi ujue namna. Dumu moja la lita 20 lililosimamishwa uani halitapata joto la maana hadi alasiri, kwa kuwa ni maji mengi yenye uso mdogo wa kupokea jua. Madumu manne ya lita 5, yaliyopakwa masizi na kulazwa ubavu juu ya bati chakavu, yameegemezwa kuelekea kaskazini na kukingwa upepo, yanapanda nyuzi kadhaa kwa saa. Ukiyaweka saa 4 asubuhi ukitoka darasani, saa 9 alasiri unaoga maji ya vuguvugu.

Sare nayo ifuliwe mapema mchana. Ikianikwa jioni inapokea umande. Hewa ya kipupwe ni kavu, nayo inakausha sare kuanzia saa 6 hadi saa 10 bila hata kuhitaji joto kali. Wanawake wa Kashikishi wanaoanika chisense mchangani wanaujua msimu huu vizuri: dagaa hao wadogo wanakauka haraka kabla hawajaharibika. Chisense hao hao, na nshima, yaani ugali, ya muhogo, ndicho chakula cha mchana kinachobeba mtu hadi usiku. Vitumbua vya asubuhi peke yake havifiki mbali mwili ukiwa unatumia chakula kujipasha.

Usiku ndipo penye hatari ya kweli, na hapa sina maneno laini. Mbaula, lile jiko la mkaa, haiingii chumbani. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushikamana na himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayelala nayo haamki kukohoa, anazidi kulala. Mwanafunzi wa uuguzi amefundishwa hayo darasani, na bado usiku wa manane, vidole vimekufa ganzi na mtihani ni kesho, jiko lililobakiza makaa mekundu nje ya mlango linavutia. Kuna njia salama: pasha maji juu yake huko huko nje, jaza chupa, funga vizuri, viringisha kwa kitenge, weka miguuni. Na lile blanketi la pili, likipatikana, litandikwe chini badala ya juu. Godoro jembamba lililogandamizwa na uzito wa mwili linapitisha joto kwenda sakafuni usiku kucha.

Jambo moja lisichanganywe na hali ya hewa. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zenye malaria nyingi zaidi, na ugonjwa hauchukui likizo wakati wa baridi; mvua zikikatika, mbu aina ya Anopheles funestus anaendelea, na huuma ndani ya nyumba usiku wa manane hadi alfajiri, saa ambazo mtu amejifunika kichwa na kukisukuma chandarua pembeni. Anayetetemeka alfajiri huenda amepigwa na upepo. Anayetetemeka saa 7 mchana, amekaa kwenye ile pembe ya kaskazini-magharibi juani, apimwe damu siku hiyo hiyo. Wodini swali la kutenganisha baridi na malaria linaulizwa mara nyingi kwa Kiswahili, kwa sababu wapo wagonjwa kutoka Mantapala, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa wilayani humu mwaka 2018 kwa Wakongo waliovuka mpaka: baridi hii ilianza lini, mama, na ukikaa juani inakuacha?