Ufundi wa Kusimulia Njiani

Kuyu linalokaribia kuiva, likipasuliwa kwa kidole gumba, hutoa wadudu weusi wadogo kuliko punje ya ufuta. Mtoto aliyetaka kulila hulitupa, na mtu mzima aliye naye ana muda mfupi sana wa kuamua atakalosema. Akisema, “Achana nalo, lina funza,” mambo yamekwisha. Lakini yupo anayeketi juu ya mzizi, akaokota kuyu la pili na kuanza: palikuwa na mgeni aliyefika kwenye nyumba yenye mlango mwembamba mno, akaacha mbawa zake kizingitini ili apite, ndani akakuta maua yameota ukutani, akayapaka unga aliokuja nao, akataga, akafa, na binti zake walipokua waliondoka na unga wa nyumba ile kwenda kutafuta nyumba nyingine. Mambo yote hayo ni ya kweli. Nyigu wa mkuyu hupoteza mbawa anapopenya tundu la tunda bichi, maua ya mkuyu yamo ndani ya tunda lenyewe, na bila nyigu huyo mti haupati mbegu. Msimulizi amebadili majina tu: nyigu kawa mgeni, chavua ikawa unga. Kazi yenyewe ni ya dakika nne, haina malipo wala cheti, na ndiyo ninayotaka kuisifu hapa, kwa sababu ni ufundi kama useremala ulivyo ufundi.

Handeni na Korogwe, wilaya za mkoa wa Tanga, ni mahali pazuri pa kuupima. Ng’ambo ya Handeni ya Mto Pangani, ambao wenyeji wengi huuita Ruvu, iko miombo na nyika ya Uzigua, nchi ya Wazigua. Ng’ambo ile mashamba ya mkonge yanakwenda hadi miguuni pa Usambara, na mtoto wa Mombo hana haja ya kuelezwa mlima ni nini. Familia inayotaka kumfundisha mtoto kwa siku nzima haina safari ndefu: asubuhi porini au kando ya mto, mchana maktaba kwa walio karibu nayo, jioni uani. Sisemi mtoto atolewe shuleni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyefikisha umri aandikishwe na ahudhurie, na ni sheria njema. Nasema Jumamosi, likizo ya Juni na ya Desemba, siku ambazo mzazi ndiye mwalimu apende asipende. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alikumbusha kwamba kabla ya ukoloni watoto wetu walielimika ingawa hapakuwa na majengo ya shule, kwa kuishi na kutenda. Maneno hayo hupenda kutajwa nusunusu, kana kwamba kuishi peke yake kunatosha. Mtu anaweza kupita chini ya mkuyu miaka hamsini asijue kilichomo ndani ya kuyu. Lazima awepo wa kusema, na anayesema lazima awe na kitu cha kuonyesha. Kutembea na kusimulia ni kazi moja: hadithi humpa mtoto sababu ya kutazama, na kitu kinachotazamwa humzuia msimulizi asiropoke.

Watu husema kusimulia ni kipaji. Kipaji kipo, ila tazama kinachofanyika. Msimulizi hasogei kabla “Paukwa!” haijajibiwa “Pakawa!”, maana jibu hilo humwonyesha nani yuko macho na nani amekuja kwa ajili ya mihogo tu. Katikati ya ngano huweka wimbo mfupi ili watoto waubebe wao; kila unaporudi, yeye anapumua na kupima. Sauti zikififia hukata kipande na kumleta fisi mapema. Njiani masharti huongezeka. Huwezi kusema sungura alijificha nyuma ya mtondoo ilhali mmesimama chini ya mninga, utaumbuliwa. Inabidi uujue mti kwa jina la Kizigua au la Kisambaa na kwa la Kiswahili, ujue kwamba mninga ukichanjwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na ujue mahali pa kuiweka damu hiyo katika kisa ili mtoto asimame mwenyewe aguse gome. Anayejua miti na hajui kusimulia atatoa orodha. Anayejua kusimulia na hajui miti, watoto watamgundua kabla ya adhuhuri.

Wapo wazazi wasioafiki. Wengine kwa sababu ya dini, wengine kwa sababu ya sayansi, wote hukutana kwenye swali moja: kwa nini mtoto alishwe uwongo? Swali si la kubezwa, lakini linasahau kwamba hadithi ya Kiswahili hujitangaza mlangoni. Anayeitikia “uwongo njoo, utamu kolea” ametia saini mkataba. Anajua anaingia wapi na atatoka lini. Mtoto aliyezoea mkataba huo ana kipimo ambacho mwenzake hana pale atakapoletewa uwongo usiojitangaza, na siku hizi huletwa kwenye simu kila saa. Tena lugha yetu imetenga vyumba: ngano ni ngano, kisa ni kisa, habari ni habari. Abdallah bin Hemedi, mwandishi Mswahili aliyekaa Mazinde kwa mtawala Semboja katika karne ya 19, alipoandika masimulizi ya watawala wa Usambara hakuyaita hadithi. Aliyaita Habari za Wakilindi, na neno hilo la kwanza ni dai: haya nimeyauliza, nimeyapokea kwa watu.

Kitabu hicho, kilichochapwa kwanza na wamisionari wa Magila na kutolewa upya mwaka 1962, ndicho ningemkabidhi mzazi wa Korogwe anayedhani hana cha kusimulia. Kisa chake kikuu ni mwendo wa miguu. Mbegha, aliyezaliwa kigego, meno ya juu yakitangulia, anatoka milima ya Nguu, anakaa Kilindi, mwana wa mkubwa wa mji anafia katika uwindaji wao, na Mbegha anakimbia na mbwa wake, anavuka kwenda Usambara, anawapa watu nyama ya nguruwe mwitu nao wanampa chakula cha shamba, anaua simba, mwisho anatawala Vugha. Kilindi aliyoikimbia ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni hadi mwaka 2002, na barabara ya basi leo hukata eneo hilohilo kati ya nyika na mlima. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeyakusanya masimulizi haya kwa wazee wa Usambara miaka ya 1960, alionyesha kwamba wasimulizi walitofautiana katika mengi huku mabadilishano yale ya nyama na chakula cha shamba yakidumu. Kwangu hiyo ni hoja ya ardhi. Anayesimama Mombo huona vyote viwili kwa mpigo: nyuma pori la mwindaji, mbele mteremko wa migomba. Kisa kimeegemea kitu ambacho hakihami.

Mfano mzito zaidi uko Handeni kwenyewe, na kwa mtazamo wa haraka unaipinga hoja yangu. Katika karne ya 19 njaa na biashara ya watumwa viliwapeleka Wazigua wengi Somalia. Waliotoroka mabwana zao walijikusanya kando ya Mto Juba, na masimulizi yao humtaja mwanamke, Wanankhucha, aliyewaongoza wakitafuta njia ya kurudi kwao. Hawakufika. Vizazi na vizazi vilibaki Juba, vikisema Kizigua bila shule hata moja iliyokifundisha. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi yao walishuka kusini, na Tanzania ikawapokea: kwanza kambi ya Mkuyu, ndiyo, jina la mti uleule, kisha makazi ya Chogo, vyote wilayani Handeni, na wengi wakapewa uraia. Walifika wakielewana na wenyeji kwa lugha ya babu zao. Basi, mtu atauliza, kama simulizi limedumu zaidi ya karne bila hata kilima kimoja cha Uzigua cha kunyooshea kidole, kutembea kuna kazi gani? Jibu lipo katika kile ambacho simulizi linaweza kubeba. Lugha, ukoo, jina la aliyeongoza na upande wa kurudi vinasafiri mdomoni. Jina la mmea usioonekana halisafiri hivyo. Hupotea, au hubandikwa mmea mwingine wa ugenini. Watu wa Juba walilinda kilicholindika, nao waliking’ang’ania kwa sababu hawakuwa na kingine. Mtoto wa Handeni anavyo vyote viwili, mdomo wa bibi na mti wenyewe, na kumnyima kimoja kwa uvivu hakuna udhuru.

Lakini neno “uvivu” linaweza kuwa la dhuluma, na hapa pingamizi ni kubwa. Matembezi ni starehe ya mwenye nafasi. Mtoto wa Handeni hutembea sana, akiwa na ndoo. Shida ya maji ya wilaya hii ni ya miaka mingi. Ndiyo iliyozaa mradi wa maji wa HTM (Handeni Trunk Main) miaka ya 1970, unaochota Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma maji hadi Handeni, na bado si kila kijiji kilichoona bomba. Kumwambia mama aliyerudi na ndoo ya lita ishirini kichwani aongeze matembezi ya kujifunza ni kejeli. Sioni uzuri wowote katika safari ya maji, na heri ifutike kabisa. Ninachosema ni kidogo zaidi: ufundi huu hauhitaji safari mpya. Ulizaliwa katika safari za kazi, kuni, shamba, mnada, na unatosha katika robo saa ya njia ambayo ingepita kimya. Wala si lazima awe mama. Baba anayerudi na mwanawe kutoka mnadani ana mdomo pia. Kuhusu mtihani wa darasa la saba, sitadai kwamba mkuyu huongeza alama. Nadai tu kwamba mtoto aliyezoea kushika uzi wa kisa kirefu hashtuki akikuta ukurasa mzima hauna picha.

Ukurasa ndio unaonirudisha maktaba. Bodi ya huduma za maktaba tunayo kwa sheria tangu mwaka 1963, na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umetuwekea vitabu vya Kiswahili mikononi. Havitoshi, na rafu za wilayani zinasema hivyo zenyewe. Kusoma kwa sauti mbele ya watoto nako ni ufundi: kitabu kielekezwe kwao, macho yatoke kwenye maandishi, mkono usite kabla ya kufunua. Ila thamani kubwa ya maktaba katika ile siku nzima ya kujifunza ni kumsuta msimulizi. Asubuhi familia imepita kwenye mkonge wa Magunga, ikasimama chini ya mlingoti, ile nguzo ya maua ambayo mmea huitoa mara moja kisha ukafa, na watoto wameokota miche midogo iliyodondoka kutoka juu, tayari ina majani. Wamesimuliwa kile kisa maarufu kwamba mkonge uliletwa kwa siri ndani ya mamba aliyekaushwa. Mchana kitabu kinasema vingine: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, ikafika hai 62. Mtoto anaitoa miche yake mfukoni, anaipanga mezani mmoja mmoja, kisha anauliza mamba mwenye nafasi ya miche elfu moja angekuwa na urefu gani.