Ufundi wa Kumlisha Asiyeweza Kumeza

Umio ukianza kuziba, nyama ndiyo hukwama kwanza, kisha ugali, kisha uji, na mwishowe mgonjwa hutema hata mate yake. Kwa watu wazima wa Afrika Mashariki kisababishi kikubwa ni saratani, iliyoenea zaidi katika ukanda unaotoka Ethiopia, ukapitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Kwa watoto, mara nyingi ni kovu la kostiki soda ya kutengenezea sabuni, iliyonywewa kwa kudhaniwa maji. Mfuko wa tumbo wenyewe huwa mzima. Kinachotakiwa ni njia ya kuufikia.

Njia nyepesi ni mpira wa puani. Hupimwa kwa mwili wa mgonjwa mwenyewe: kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi mwisho wa mfupa wa kifua. Kabla ya kulisha, majimaji yanayovutwa hupimwa asidi. pH isiyozidi 5.5 huashiria kuwa mpira umefika tumboni, na shaka ikibaki hupigwa eksirei. Kusikiliza mlio wa hewa, desturi isiyotaka kufa wodini, hakuaminiki. Mpira usiopita haulazimishwi, kwa kuwa umio wenye uvimbe au ulioungua hutoboka upesi.

Hapo hubaki kutoboa tumbo. Mpasuaji Charles Sédillot alijaribu huko Strasbourg mwaka 1849, na mgonjwa akafa. Wengi waliofuata walikufa vilevile. Kutoboa si kazi ngumu. Kazi ni kulizuia tundu lisivujishe uchafu ndani ya tumbo. Jibu lilipatikana kwenye uzi. Njia iliyoelezwa na Martin Stamm, mpasuaji wa Fremont, Ohio, mwaka 1894, ingali inafundishwa. Chale fupi hupasuliwa juu ya tumbo upande wa kushoto, pengine kwa ganzi tu, jambo linalomfaa mgonjwa aliyekonda. Ukuta wa mbele wa mfuko huvutwa nje. Uzi hushonwa kwa duara kuzunguka mahali palipochaguliwa, na wa pili hufanya duara pana zaidi nje yake. Katikati hutobolewa, mpira huingizwa, kisha nyuzi hukazwa kama ugwe wa suruali, wa ndani kwanza. Kila uzi unapokazwa, ukuta hudidimia na kuukumbatia mpira, na uvujaji hukoma. Mwishoni mfuko hushonewa kwenye ukuta wa tumbo, na mpira hutokea kwenye tundu lake, mbali na chale. Hakuna mashine humo. Hata mpira wa mkojo aina ya Foley hutosha. Uchache huo wa hatua ndio ustadi wenyewe.

Mwaka 1979, huko Cleveland, madaktari Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky waliweka mpira bila upasuaji wa wazi. Endoskopi, mrija wenye taa na kamera, hushushwa hadi mfukoni, sindano huchomwa pale mwanga wake unapoonekana kwenye ngozi, na uzi huuvuta mpira kutoka mdomoni hadi nje ya tumbo. Njia hiyo inapendeza, lakini inadai umio unaopitika, kitu asichokuwa nacho mgonjwa huyu. Tena mpira unaoburuzwa juu ya saratani unaweza kupandikiza chembe zake kwenye tundu la tumbo.

Umio ukipangiwa kukatwa, mfuko wa tumbo huhifadhiwa uje uchukue nafasi yake, na mpira hupelekwa kwenye utumbo mwembamba. Kwa mtoto mwenye kovu, tundu lina faida ya pili: uzi hupitishwa kutoka puani hadi tunduni, na vipanuzi hufungwa humo na kuvutwa kupitia kovu. Kwa saratani isiyotibika, mrija wa waya unaojitanua ndani ya umio, kama unaowekwa katika Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, humrudisha mtu kula kwa mdomo, na ukipatikana unastahili kutangulia.

Kulisha huanza kidogokidogo. Mwili uliokaa na njaa kwa wiki nyingi ukijazwa ghafla, fosfati na potasiamu hushuka katika damu, na moyo unaweza kusimama. Nyumbani, mgonjwa hulishwa akiwa ameinuka, uji uliochujwa au maziwa, na mpira husafishwa kwa maji kila baada ya mlo. Ukichomoka katika wiki za mwanzo usirudishwe kwa kubahatisha. Hata tundu lililokomaa huanza kuziba ndani ya saa chache, kwa hiyo mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.