Mlimani, Kutoka Kamusi Hadi Mwani

Anayeijua Mlimani kwa sheria na siasa pekee hajaimaliza. Mlimani ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961; ndicho kilichotupatia Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, kazi ya wanaleksikografia wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya chuo hicho.

Huko baharini, Profesa Keto Mshigeni wa chuo hicho alichunguza mwani wa pwani yetu. Leo kilimo cha mwani ni riziki ya maelfu ya wanawake wa Unguja na Pemba, wanaofunga vipande vyake kwenye kamba bahari inapokupwa. Joto la maji likiuharibu, watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya chuo hicho huwatafutia mbinu za kulima kwenye kina kirefu zaidi. Utafiti wa namna hii ndio unaogusa sufuria!

Mwanaakiolojia Felix Chami wa chuo hicho naye amefukua historia ya kale Mafia na Rufiji.

Tafiti za wasomi hawa zisifungiwe maktabani.