Washairi na Wanahisabati

Mwaka jana nilimtafsiria mama yangu maneno mawili ya Kiingereza, nikakosea. Karatasi ya majibu ya altrasaundi ilisema "probably benign". Uvimbe mdogo, titi la kushoto, arudi baada ya miezi sita. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga mabegani, anangoja nifungue mdomo. Nikamwambia, "Bila shaka si saratani, mama." Akashusha pumzi, akaenda kubandika chai. Miezi sita ilipofika hakurudi hospitali. Arudi kufanya nini? Mwanawe aliyesoma kasema bila shaka.

Kosa hilo lilinirudia nilipokuwa nikisoma insha ya Sherman Kent, "Words of Estimative Probability", ya mwaka 1964. Kent alikuwa profesa wa historia Yale kabla ya kuongoza ofisi ya CIA iliyowaandikia viongozi wa Marekani makadirio ya mambo yajayo. Sikutarajia mtu wa ujasusi anifundishe jambo kuhusu lugha. Lakini kiini cha insha yake ni aibu iliyompata yeye mwenyewe, na mwandishi anayeanika aibu yake huwa namsikiliza.

Mwaka 1951 ofisi yake iliandika kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia mwaka huo, kutoka upande wa Wasovieti, lilikuwa "serious possibility". Baadaye afisa mmoja wa Wizara ya Mambo ya Nje akamuuliza maneno hayo yana uzito gani. Kent akajibu kwamba kwa maoni yake ni kama 65 kwa 35 kuwa shambulio litatokea. Yule afisa akashtuka, kwa kuwa yeye na wenzake walikuwa wameelewa uwezekano mdogo zaidi. Kent akaenda kuwauliza aliokaa nao mezani kuandika. Kulikuwa na aliyefikiria 80 kwa 20, na aliyefikiria 20 kwa 80. Walikuwa wamekubaliana neno kwa neno bila kukubaliana maana.

Dawa yake ikawa jedwali. "Almost certain" iwe takriban asilimia 93, "probable" iwe 75, na kila kipimo kiachiwe nafasi ya kupanda na kushuka kidogo. Waliopenda mpango huo aliwaita wanahisabati. Walioukataa, wakiona lugha haifungiki kwenye namba, aliwaita washairi. Hafichi yuko upande gani, wala hakusudii "mshairi" iwe sifa.

Mimi napenda mashairi, kwa hiyo nilianza kumsoma nikiwa nimenuna. Nimemaliza nikiwa nimekubali nusu ya hoja yake. Ni kweli kwamba neno laini ni maficho. Ukisema "serious possibility" na vita vikaja, utasema ulionya. Visipokuja, hukuahidi kitu. Mwaka ule shambulio halikuja, na kwa maneno yale hakuna ambaye angeweza kuambiwa amekosea. Sisi nasi tuna "huenda", "pengine" na "inasemekana", na tunajua kujificha nyuma yake.

Kuna maficho ya upande wa pili pia. Chuoni niliandika "clearly" na "obviously" kila mahali ushahidi wangu ulipokuwa mwembamba. Asili ya maneno ya namna hii inasuta. "Obvious" lilitoka kwenye Kilatini likiwa na maana ya kitu unachokutana nacho njiani. "Certain" lina mzizi mmoja na kitenzi cha kuchekecha. Yaani mtu alitakiwa kwanza atembee, kwanza achekeche. Siku hizi tunayatumia ili tusifanye kazi hiyo. Mwaka 2002 Dick Cheney, makamu wa rais wa Marekani, alitangaza kwamba hakuna shaka Saddam Hussein ana silaha za maangamizi. Vita vilipiganwa, na akiba ya silaha hizo haikupatikana.

Nusu ninayoikataa ni imani ya Kent kwamba namba ingemaliza ugomvi. Wataalamu wa picha za matiti wana jedwali lao, lililotungwa na chuo cha wanaradiolojia cha Marekani. Humo "probably benign" maana yake ni uwezekano wa saratani usiozidi asilimia 2. Kwa hiyo "probable" ya Kent ni kama 75, na "probably" ya karatasi ya mama ni 98 au zaidi. Msomaji akihama ofisi, jedwali halimsaidii.

Tena, hata kama ningeijua hiyo 98 siku ile, ingenipa ujasiri zaidi wa kusema "bila shaka". Namba haikuambii uzifanyie nini zile mbili zilizobaki. Waliojua la kufanya ni walioandika "arudi baada ya miezi sita". Hapo shaka ilikuwa imepewa tarehe na kazi, nami kwa tafsiri yangu nikaifuta.

Kent anamchukulia msemaji kuwa mtu anayetaka kutoa taarifa. Hilo linatosha ofisini kwake. Nyumbani, maneno ya uhakika hutumika kama blanketi. "Bila shaka" yangu haikuhusu uvimbe. Ilihusu hofu ya mama, na zaidi ilihusu yangu.

Mwezi wa kumi na moja nilimwambia ukweli. "Mama, nililitafsiri vibaya. Waliandika kwamba inaelekea si saratani, ila wanataka kuhakikisha."

"Sasa mbona ulisema bila shaka?"

"Niliogopa."

"Ungesema unaogopa, mwanangu. Hilo ningelielewa."

Tulikwenda pamoja. Uvimbe haukuwa umebadilika. Kwa hesabu za wanahisabati nilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, lakini mama alikaa miezi mitano zaidi bila kipimo alichotakiwa kupima, kwa sababu ya neno langu. Insha ya Kent ni fupi, na kila anayeandika au kutafsiri angefaa kuisoma. Karatasi ya safari hii ilikuwa na maneno yaleyale. Nilimsomea mama yote, pamoja na tarehe, naye akaniambia niiandike kwenye kalenda ya ukutani.