Kanuni haijisomi: Funzo la ufasiri kutoka mezani pa wachezaji

NILIPOKUWA nikisomea shahada ya uzamifu katika jimbo la Wisconsin, Marekani, mwishoni mwa miaka ya themanini, niliishi nyumba moja na vijana ambao kila Jumamosi usiku walizunguka meza ya jikoni wakageuka kuwa watu wengine. Mmoja alikuwa askari, mwingine mwizi, mwingine msihiri. (Nasema ‘msihiri’ kwa makusudi. ‘Mchawi’ katika Kiswahili ana roho mbaya kabla hajafungua kinywa, na ‘mazingaombwe’ ni ya jukwaani.) Wa nne wao waliitwa refa. Yeye ndiye aliyewasimulia mahandaki waliyomo na madubwana yaliyowavizia gizani.

Mie sikucheza. Nilikaa pembeni na kamusi zangu nikijiambia kwamba watu wazima hawa wamekosa kazi. Kisha usiku mmoja ukazuka ubishi. Wakafungua kijitabu, wakasoma sentensi moja kwa sauti mara tatu, kila mmoja akiweka mkazo kwenye neno lake. Hapo nikatega sikio. Kumbe walikuwa wakifanya kazi ileile niliyovuka bahari kujifunza: kuhakiki matini!

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974 na kampuni ya TSR, katika mji wa Lake Geneva, jimbo hilohilo la Wisconsin. Ulikuja katika vijitabu vitatu vyembamba, nakala 1,000 za kwanza. Mchezaji hutamka anachotaka kutenda, dadu hurushwa, na refa huamua kilichotokea kwa kufuata kanuni. Lakini kanuni zenyewe zilikuwa na mianya tele. Waandishi walidhani msomaji wao anajua tayari michezo ya vita ya wanasesere, na hasa kwamba anacho kitabu cha Chainmail, alichokitoa Gygax pamoja na Jeff Perren mwaka 1971. Asiyekuwa nacho aliachwa akipapasa gizani.

Hebu tutazame mapigano. Mnamo 1977, J. Eric Holmes, daktari wa neva na mhadhiri wa chuo kikuu huko California, alihariri kanuni hizo ili mgeni azielewe. Katika toleo lake, kila silaha huleta madhara yanayopimwa kwa dadu moja ya pande sita, iwe jambia au upanga wa kushikwa kwa mikono miwili. Sawa. Lakini kanuni nyingine yasema silaha nyepesi kama jambia hupiga mara mbili kwa raundi, na upanga ule mkubwa hupiga mara moja tu katika raundi mbili. Piga hesabu, msomaji wangu. Katika raundi mbili mwenye jambia amepiga mara nne, mwenye upanga mara moja, na kila pigo lina uzito uleule. Kwa mujibu wa maandishi, basi, askari mwenye akili autupe upanga wake mtaroni akanunue jambia!

Msomaji wa herufi atasema: imeandikwa, na iwe. Msomaji mwenye haraka atasema: ni upuuzi, ifutwe. Msomaji wa tatu ataenda kutafuta kanuni hiyo imetoka wapi. Atagundua kwamba katika Chainmail silaha fupi ilikuwa na faida ya wepesi, ila ilibidi kwanza mwenye nayo ahimili pigo la silaha ndefu anapomkaribia adui. Atagundua pia kwamba nyongeza ya mwaka 1975, iitwayo Greyhawk, ilizipa silaha madhara tofauti: jambia hadi 4, upanga mkubwa hadi 10. Toleo la Holmes lilibakiza wepesi wa jambia, likaacha vile vilivyousawazisha. Huu ndio mwingilianomatini tunaowaimbia wanafunzi wetu darasani. Kanuni iliyong’olewa shinani pake hugeuka kioja. Ukiirudisha, inaanza kusema jambo la maana.

Tuje kwenye sihiri. Vijitabu vya 1974 vyaeleza idadi ya sihiri ambazo msihiri anaweza kuzikumbuka katika safari moja, na kwamba iliyotumika haitumiki tena siku hiyo. Ni maneno machache, na maswali yake ni mengi. Safari ikichukua siku tatu, je? Na je, anaweza kuikumbuka sihiri ileile mara mbili, kama mtu atiaye risasi mbili za aina moja? Kundi la wachezaji wa chuo cha Caltech, California, lilitoka na mfumo wake lenyewe, ambapo msihiri ana akiba ya pointi za kutumia apendavyo. Mwaka 1976 Gygax aliandika makala kufafanua alichokusudia: kwamba aliiga riwaya za Jack Vance, aliyechapisha The Dying Earth mwaka 1950, ambamo sihiri ikishatamkwa hufutika akilini mwa mwenye nayo.

Je, kauli ya mwandishi iliyokuja miaka miwili baadaye yamfunga msomaji? Wimsatt na Beardsley walitufunza tangu 1946 kwamba nia ya mwandishi si kipimo cha matini. Mimi nakubaliana nao, lakini si kwa asilimia mia. Namchukulia mwandishi kama shahidi, tena shahidi mzuri, ila si hakimu. Gygax mwenyewe anatuonyesha kwa nini. Mwishoni mwa vijitabu vya 1974 aliwahimiza wasomaji waamue mambo wenyewe kwa ubunifu wao. Kufikia 1979, mchezo ukiwa umeenea, alikuwa akisisitiza kwamba watu wote wacheze kwa namna moja. Ukiniambia nimfuate mwandishi, nitakuuliza: yupi kati ya hao wawili?

Wapo watakaoruka upande wa pili waseme basi maana ni ile jamii ya wasomaji inayokubaliana. Hiyo ni hoja ya Stanley Fish, na nimeisikia ikitajwa katika makongamano yetu kana kwamba ni aya takatifu. Ninayo kasoro moja ya chapa ya kumjibu. Katika machapisho ya awali ya mchezo huu, jedwali la madubwana lilikuwa na safu ya asilimia iliyoonyesha uwezekano wa kumkuta dubwana pangoni mwake. Neno la Kiingereza ‘lair’, yaani pango, likachapwa ‘liar’, yaani mwongo. Wapo waliosoma safu hiyo wakadhani ni uwezekano wa dubwana kusema uongo! Hata kama meza nzima ingekubaliana na usomaji huo, wakacheza kwa furaha hadi alfajiri, wangekuwa wamekosea. Jedwali lenyewe lingewasuta: mnyama asiye na uwezo wa kusema anapewaje asilimia ya uongo? Jamii ya wasomaji ina nguvu, lakini matini nayo ina mifupa, na ukiikunja sana itavunjika.

Sasa turudi jikoni Wisconsin, kwa ule ubishi wenyewe. Msihiri alikuwa amebanwa pembeni na kundi la madubwana. Akatangaza kwamba anatumia sihiri ya usingizi kwa mara ya pili siku hiyo, kwa kuwa aliikumbuka mara mbili. Refa akakataa: iliyotumika haitumiki tena. Dadu zikarushwa, msihiri akafa. Kijana yule alikuwa amemlea mhusika huyo kwa karibu miaka miwili. Hakulia. Aliuliza swali moja tu: “Mbona wiki mbili zilizopita ulimruhusu mwenzangu?” Refa akajibu kwamba refa ndiye mwenye neno la mwisho. Kijana akazikusanya dadu zake, akazitia katika kifuko cha kitambaa, akatuaga kwa heshima. Hakurudi tena.

Kwa miaka mingi nilidhani refa alikosea kanuni. Siku hizi naona sivyo. Usomaji wake uliweza kutetewa, na usomaji wa kijana vilevile. Kosa la refa ni kwamba alifasiri hivi kwa huyu na vile kwa yule, na alipoulizwa sababu akatoa cheo. Matini yenye mianya humpa mfasiri uhuru mkubwa, lakini uhuru huo una deni. Ni lazima asome matini nzima pamoja na zilizoizaa, aeleze sababu zake mbele ya watu, na alichoamua jana kimbane leo.

Najua uzito wa deni hili kwa kuwa nimewahi kulikwepa. Niliketi katika jopo la kumtahini mwanafunzi aliyekuwa na usomaji mpya wa riwaya ninayoipenda. Nilimkaripia: “Mwandishi amesema wapi hayo?” Akanyamaza, akaenda kuirekebisha tasnifu ifanane na maoni yangu. Mwezi huohuo nilikuwa nimeusifu usomaji wa mwenzangu, profesa, ambao nao mwandishi hakuusema popote. Mwanafunzi yule hakunikumbusha. Hakuwa na dadu za kukusanya na kuondoka nazo, maana alihitaji shahada.

Sisi tunaosahihisha mitihani, tunaohariri na kutahini, ndio marefa wa mahandaki haya. Tukiulizwa “kwa nini?”, tusijibu kwa cheo. Tufungue kitabu, tusome sentensi hiyo tena kwa sauti, mara tatu ikibidi.

Alamsiki!