Pongezi kwa Watunzaji wa Kalenga

Ukitoka Idodi kwenda Iringa mjini, unapita karibu na Mlambalasi, alikofia Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mwaka 1898, kisha jirani na Kalenga, ngome yake iliyoangushwa na Wajerumani mwaka 1894. Hapo Kalenga pana makumbusho madogo sana. Ukiyapita bila kuingia, umejinyima.

Ndani, kwenye kabati la kioo, limo fuvu la Mkwawa. Kurudishwa kwa fuvu hilo kutoka Ujerumani kulitajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, lakini Wahehe walingoja hadi Juni 1954, Gavana Twining wa Tanganyika alipolikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Nawapongeza watunzaji wa nyumba hii kwa moyo wote. Jengo la namna hii haliombi makuu: paa lisivuje, mchwa wasipenye, vumbi lifutwe kila siku, na awepo mtu wa kueleza. Wanaoeleza historia hii pale pale ilikotokea wanastahili bajeti nono kuliko sifa zangu. Shule za Idodi, Pawaga na Kalenga yenyewe ziwalete watoto.